Mtori wa Mzazi Asiyejifungua

Siku zile nazikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Nilikuwa na umri kama wako, nimemaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, nimerudi nyumbani Shirimatunda. Mume wangu, Baba Neema, alinitunza kama mzazi aliyetoka kujifungua: mtori asubuhi, maziwa jioni, nguo ananifulia. Wakati wa kulala anabeba blanketi, anakwenda sebuleni.

Desturi yetu unaijua. Mwanamke akijifungua, mume hamkaribii mpaka mama mkwe atamke kwamba uzazi umekwisha. Safari hii mimi sikuwa nimezaa. Nani angetamka? Miezi ikapita. Nikaamini amenikinai, nikaazimia kurudi kwa wazazi wangu.

Mama mkwe akatujia na mkungu wa ndizi kichwani. Akaliona lile blanketi kwenye kochi.

"Shikamoo, mama," mwanawe akamwamkia.

"Marahaba. Mbona unalala huku? Mama Neema kajifungua nini?"

Baba Neema akainama. "Naogopa nitamuumiza, mama. Na ile mionzi, sijui kama imebaki mwilini."

"Kwa hiyo unamnenepesha kama ng'ombe wa maonyesho, halafu unamkimbia? Kuuliza si ujinga. Kamwoneni muuguzi, tena wote wawili!"

Nikacheka, kisha nikalia.

Muuguzi hakutuzungusha. Saratani yenyewe haiambukizi kwa tendo la ndoa, na mionzi ya mashine haibaki mwilini. Lakini uke hukauka na kubana. Akatuonyesha kilainishi cha maji, akanifundisha kutumia kifaa cha kuutanua kidogo kidogo. Maumivu makali au damu vikitokea, turudi. "Na pole pole ndio mwendo," akamwambia Baba Neema, naye akaona haya kama bwana harusi.

Njiani akaniambia, "Kumbe ulidhani nimekuchoka? Mimi nilikuwa naogopa, nikawa nasubiri mama aseme." Mwanangu, nilipumua kama aliyetuliwa gunia la kahawa.

Tulianza kwa kushikana mikono tu, na kukandana mgongo. Mengine yalikuja kwa wakati wake. Zipo siku hayakuja, tukalala tumekumbatiana, na ikatosha.

Basi shika hili: ugonjwa ukipita kati yenu, msingoje mtu wa tatu awaruhusu. Semezaneni. Anayeogopa aseme anaogopa, anayeumia aseme anaumia, kisha nendeni pamoja kwa mtaalamu, bila aibu.

Mungu akupe mwili wenye nafuu, na mwenzio anayesogea karibu badala ya kukukisia. Amina.