Nilivyovaa dera la mteja nikaingia rasmi kwa kazi ya picha

Wakuu, niaje. Hii nawapa bila chumvi. Ushahidi bado unazunguka kwa simu za watu, so nikidanganya mtanishika.

Mimi ni wa Huruma, Nairobi. Nilikuwa kibarua kwa kiwanda cha rangi Industrial Area, na Jumapili napiga picha kwa raha zangu: watoto, nguo zilizoanikwa, paka wa majirani. Camera ni ya mtumba.

Sifa zilikuwa nyingi. "Buda, uko na jicho!" Lakini jicho halilipi rent.

Siku moja Mama Halima, anayeuza madera ya jumla Eastleigh, akaona picha zangu kwa simu ya mteja wake. Akanipigia. "Kijana, njoo Alhamisi unipigie picha za mzigo mpya. Nalipa."

Wakuu, hilo neno sikuwa nimewahi kuambiwa!

Alhamisi nikamwambia foreman tumbo linanisokota. Nikatoka mbio na buti zangu za kazi, zimejaa madoa ya rangi ya kijani.

Kufika dukani, model wa kuvaa madera hajatokea na simu amezima. Mama Halima mwenyewe hapigwi picha, na wasichana wake wa duka wakakataa katakata. Tukatundika dera ukutani, likakaa kama pazia la kliniki.

Akanipima kwa macho, juu mpaka chini.

"Wewe ni mrefu."

"Mama, zii, siwezi."

"Kichwa hatuonyeshi. Unataka kazi ama hutaki?"

Nikalivaa juu ya nguo zangu. Zambarau, la maua. Nikaweka camera kwa stendi, timer sekunde kumi. Nabonyeza, nakimbia, nasimama. Kila picha nimekauka kama mlingoti wa stima.

Ya mwisho nikakanyaga pindo, nikaruka hewani. Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini.

Mama Halima akaitazama sana. "Hii ndiyo! Ona kitambaa kinavyopepea."

"Lakini buti zinaonekana."

"Nani ataangalia buti?"

Akaituma kwa WhatsApp ya wateja wake papo hapo.

Foreman aliangalia buti. Kumbe mke wake hununua madera hapo.

Kesho yake langoni mwa kiwanda akanionyesha simu mbele ya wasee wote. "Tumbo limepona, mrembo?"

Walicheka, na mimi nikacheka, nikidhani yameisha. Kisha akasoma majina ya vibarua wa siku hiyo. Langu halikuwemo.

Nilitembea mpaka nyumbani nikitafuta maneno ya kumwambia mke wangu. Nikaamua tu kumwonyesha picha. Akaikuza kwa vidole, akaanzia kwa buti. Nikajua nimeisha.

"Linakukaa vizuri kuniliko," akasema. Tukacheka hadi machozi, ingawa sehemu ya machozi yangu ilikuwa ya ukweli.

Jioni Mama Halima akapiga simu. Madera ya zambarau yameisha, na majirani zake watatu wa duka wanataka picha. "Lakini zile za kuruka."

Huu ni mwaka wa pili, hiyo ndiyo kazi yangu. Mke wangu ndiye model siku hizi, na anaruka vizuri kuniliko.

Nilichojifunza: nilikuwa nangoja camera kubwa ndiyo nianze kulipwa. Kumbe nilipaswa kukubali kuchekwa kwanza.

Nyinyi mnaolipwa kwa kitu mlichoanza kama mchezo, kazi ya kwanza iliwafanya nini? Mwageni hapa. Hatutacheka. Sawa, tutacheka kidogo.