Mguu Mzima Kwanza

Kazi yangu ya kukanda miguu ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, likizo ya Kidato cha Tatu, hapa kwa Bibi, Kitahana. Alinipa kopo la mawese ya vuguvugu.

"Mguu mzima kwanza," alisema. "Huo ndio unakueleza mwenzake alikuwaje jana."

Yeye alifundishwa na mama mkwe wake kule Munanila, aliyemchapa vidole kila alipokimbilia palipovimba.

Wiki tatu nilipaka mafuta na kufunga vitambaa vya kitenge tu. Kuvuta, yaani kurudisha kiungo kilichoteguka, ilikuwa kazi ya Bibi peke yake. Nilikuwa siketi nikatulia. Kila pikipiki ikipunguza mwendo, nilisimama.

Siku moja pikipiki ikamshusha mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa Tanga, aliyeanguka akicheza mpira. Nikamkaribisha kwa sauti.

"Kumbe nyumbani una sauti?" alinitania. "Darasani nakuona bubu."

"Mwalimu," Bibi akamkata, "leo wa kusahihishwa ni wewe."

Nikashika mguu mzima, kisha ule mwingine. Kwenye kifundo, upande wa nje, kitu kilisagika kama mchanga kwenye ugali. Mwalimu akauma kola ya shati. Bibi akapapasa palepale.

"Umeteguka tu. Mshike goti, nivute."

Nikinyamaza, mwalimu angeweza kubaki kilema. Nikisema, namwaibisha Bibi, ambaye watu hupanda basi kutoka Kasulu kumfuata.

"Bibi, mfupa unasagika."

"Nani kasema?"

"Vidole vyangu."

Akapapasa tena, muda mrefu, akitazama vidole vyake badala ya mguu. Kisha akauachia.

"Leta vibao. Huyu ni wa hospitali."

Tukamfunga bila kuvuta, akapelekwa Kibondo mjini. Jioni akapiga simu: mfupa ulikuwa umevunjika kweli. Bibi hakula. Nami nilizunguka uani hadi kuku wakanichoka.

Asubuhi nilimkuta jikoni, mkono wa kulia ameuficha ndani ya khanga.

"Ganzi ilianza lini, Bibi?"

"Tangu tupande maharage."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa nani?" Akacheka kidogo. "Huu mkono umestaafu bila kuniaga, mjukuu wangu."

Nikapasha mawese, nikapiga magoti mbele yake. Nikaanza na mkono wa kushoto.