Sahani Niliyoivuta

Kila adhuhuri, nikiwa peke yangu mezani, nasikia sahani ya bati ikikwaruza mbao. Hakuna aliyeigusa. Ni ile niliyoivuta kutoka mbele ya mwanangu, mwaka alioachishwa kazi kiwandani.

Miezi mingi alitoka asubuhi kutafuta kibarua akarudi na vumbi tu. Siku hiyo, kabla hajanawa, niliivuta sahani yake ya bukari, ugali wetu, nikamtajia maneno ya mtume: asiyefanya kazi, asile. Mke wangu alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

“Weye baba, mutoto unamufukuza na Biblia?”

Nilimwambia anyamaze, Mungu amesema. Kijana akaondoka. Mama yake alikufa bila kumwona tena mezani petu.

Baada ya maziko, jumuiya yetu ilianza kusoma Biblia uani kwangu, toka ukurasa wa kwanza, kidogo kidogo, jioni hadi jioni. Mistari niliijua mingi kwa kichwa; hadithi sikuijua. Nilikuwa naingia humo kama mtu anayeokota mawe, natafuta lenye ncha. Sasa nilisikia kwamba waliofukuzwa bustanini, Mungu mwenyewe aliwavika nguo. Wanung’unikaji wa jangwani walipewa mkate. Rafiki aliyemkana Bwana wake alikuta samaki juu ya makaa, akaitwa ale. Na mwisho wa yote ni karamu, milango haifungwi. Ni Mungu yule yule, toka mwanzo, anatafuta watu awarudishe mezani. Mimi nilichomoa mstari mmoja nikaufanya kufuli.

Usingizi ulinikimbia. Nikapanda taxi-bus hadi Kakontwe, mwanangu anakovunja mawe. Nilimkuta kwake, nywele nyeupe kwa vumbi la chokaa, mkewe akiandaa chakula.

“Baba! Leo unaleta mustari gani?”

“Acha baba apumuzike kwanza,” mkewe akamkanya.

“Sina mustari,” nikasema. “Nilikukosea. Nilikunyima chakula cha mama yako. Unisamehe.”

Akashika sahani yake mwenyewe ya bati, akaisukuma mezani hadi mbele yangu.

“Kula, baba.”

Bati likakwaruza mbao, sauti ile ile. Nikageuka kutazama mlangoni, kana kwamba mwenye mwiko angali amesimama pale.