Kibanda cha Mvuke cha Sombetini

Mdogo wangu Sylvanus ndiye mtu pekee Sombetini nzima anayejua Kifini, na mimi nasema bora angejua kushona viatu. Fundi viatu hakosi mtu wa kupiga naye soga. Kifini utazungumza na nani hapa, na kuku?

Naitwa Evaresta. Nina duka la unga na mchele Kijenge, na mdomo wangu watu wanaujua. Namsimulia ndugu yangu kwa sababu yeye mwenyewe hasemi. Ukimkuta amekaa barazani kwake ukamwuliza hali, atakujibu "nzuri," basi, imeisha hiyo. Zamani hakuwa hivyo. Tulipokuwa watoto Kibosho alikuwa na maneno mpaka mama akawa anamfukuza jikoni.

Walimharibu kule Ulaya, nasema wazi, ingawa walimharibu kwa wema. Jiji letu la Arusha lilikuwa na urafiki na mji mmoja wa Finland unaoitwa Kivilahti, mji mdogo wenye baridi na viwanda vya mbao. Wakubwa walipeana mikono, wakasaini, tukaletewa malori ya taka yaliyokwisha kutumika huko. Wakataka na fundi mmoja aende akajifunze kuyatengeneza. Sylvanus alikuwa fundi kwenye gereji ya jiji, kijana aliyeoa juzijuzi, akachaguliwa yeye. Tulimchinjia mbuzi, tukamtafutia koti zito mitumbani, akaenda.

Alikaa karibu miaka miwili. Aliniambia kilichomtisha si theluji, ni watu kutosalimiana. Unapanda ngazi na jirani, kila mtu anaangalia viatu vyake, mnaingia ndani. Mwanzoni alidhani wamemkasirikia. Asubuhi akipanda basi anasalimia abiria wote, mpaka akaona wanahama viti. Na hakuna anayekwambia "karibu nyumbani" ikaishia hapo. Mnapanga siku, mnapanga saa, saa ikifika ndipo unagonga mlango. Ukitokea tu kama tunavyofanya sisi, wanashtuka, wanauliza nani kafa.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja wa gereji ya kule, Eino. Kila Jumamosi alimchukua kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba yake. Ndani kuna jiko, juu ya jiko kuna mawe. Mawe yakishika moto unayamwagia maji, mvuke unapanda, mnakaa mnatoka jasho. Wenyewe wanaita sauna. Na humo ndani, ajabu ya Mungu, yule mzee asiyesema akafungua mdomo. Walizungumza habari za wake zao, za injini, za wazazi waliotangulia. Kifini chote Sylvanus alikipata humo, anavuja jasho pembeni ya Eino.

Kisha akarudi, na akarudi na tabia zao. Akawa anapita mbele ya jirani yake Lemburis, mtu mzima na heshima zake, bila salamu. Yeye anadhani anamwachia mwenzake nafasi yake, Lemburis anaona amedharauliwa. Jamani, Sombetini kila mtu amejijengea mwenyewe, tofali moja leo, jingine mwakani, na anayekushikia ngazi ni jirani. Ukimnyima jirani salamu umemaliza kila kitu. Wakaanza kumwita Mzungu. Mkewe Esther, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akisalimia kwa niaba ya nyumba nzima. Esther akafariki. Watoto wako Dar na maisha yao. Malori nayo yalikufa siku nyingi kwa kukosa vipuri, na urafiki wa miji ukabaki kibao kilichopauka kwenye ukuta wa gereji. Sylvanus akastaafu, akabaki peke yake kwenye ile nyumba.

Ndipo akajenga kibanda chake. Mbao alinunua, jiko akachomelea mwenyewe kwa pipa, mawe akayatoa mtoni. Nosim, mke wa Lemburis, alinifuata mpaka dukani.

"Mama, njoo umwangalie ndugu yako. Anajichemsha."

Wengine walisema anakausha nyama ya porini. Ila wakati wa korona, tulipokuwa wote tunajifukiza chini ya mablanketi na majani ya mchaichai, weee! Foleni ilianzia mlangoni kwa Sylvanus ikakata kona. Hata Lemburis aliingia. Siku zile nilimwona mdogo wangu anacheka kwa sauti. Ugonjwa ulipopungua kila mtu akarudi kwake, akabaki na mawe yake. Kila nikimtembelea ananiambia, "Dada, ingia basi ujaribu." Namjibu kwamba mimi jikoni nimeungua vya kutosha.

Mwaka huu zikaja habari kwamba watu wa Kivilahti wanarudi. Safari hii si malori, ni biashara. Maduka yao yanataka maharage machanga ya wakulima wa Kikwe, na jiji linataka urafiki ufufuke. Mtu mmoja ofisini akakumbuka kwamba kuna mzee anajua lugha yao, Sylvanus akaitwa kwenye mkutano. Alitoa suti aliyofungia ndoa, akaileta kwangu niipige pasi.

"Dada, safari hii nitapata mtu wa kukaa naye," akasema.

Sikumwuliza kukaa wapi. Nilijua anataka mtu mmoja tu, Jumamosi moja tu, kwenye kile kibanda, wazungumze. Roho iliniuma, maana mtu hutamani vitu vikubwa, huyu wangu alitamani hicho.

Nilikwenda naye mkutanoni. Mambo yote Kiingereza. Wageni wengi walikuwa vijana wenye kompyuta, isipokuwa mzee mmoja mwenye mvi, Paavo, aliyekuwa mkuu wa gereji ya kule enzi za Sylvanus. Sylvanus alipopewa nafasi alisimama, akashika kiti, akasema Kifini. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wale vijana wakatoa simu wakapiga picha. Mimi nilikuwa nalia na leso sina, nikajifutia kwenye kitambaa cha meza.

Wakati wa chai aliongea na Paavo pembeni ya dirisha. Nikaona uso wake umeanguka. Nikajua, Eino amekufa. Kisha akajikaza, akamshika yule mzee mkono, akamwambia jambo, naye akatikisa kichwa sana kukubali na kumpigapiga begani. Tulipotoka, Sylvanus alikuwa anatembea haraka kama kijana.

"Nimemkaribisha nyumbani. Nimemwambia sauna ninayo. Amefurahi sana, dada. Atakuja."

Jumamosi nikaenda na sufuria la ndizi nyama. Moto alikuwa amewasha tangu mchana. Uwanja umefagiliwa, taulo mbili mpya ziko kwenye kamba, ndoo imejaa majani mabichi ya mchaichai. Na makubwa zaidi, alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Lemburis kumsalimia na kumwambia kuna mgeni. Lemburis amevaa shati safi, amekaa na sisi barazani, anasubiri kumwona mzungu. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, Sylvanus anasimama. Gari linapita, anakaa. Anaingia kuongeza kuni, anatoka, anasimama tena. Mlima Meru ukaanza kujifunika mawingu na ndizi zikapoa.

Nikashindwa kuvumilia. "Ulimwambia aje saa ngapi?"

"Nilimwambia karibu nyumbani."

"Saa ngapi, Sylvanus?"

"Siku yoyote, nilisema. Moto upo siku zote."

"Siku yoyote? Na nyumba ulimwelekeza?"

Akaangalia barabarani. Ruwa, Mungu wangu! Si yeye aliyenisimulia mimi habari za kupanga siku na saa? Hao watu anawajua kuliko mtu yeyote Arusha nzima. Majirani zake wa hapa aliishi nao kama Mfini, halafu Mfini mwenyewe akamkaribisha kama mtu wa Kibosho.

"Nilifurahi, dada," akasema. "Nilifurahi nikasahau."

Nikaingia ndani nikampigia Jackline, binti wa ofisi ya jiji aliyekuwa akiwatembeza wageni. Akaniamkia, kisha akaniambia asubuhi walikuwa Kikwe, wakatoka huko moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Wameshaondoka.

"Na yule mzee mwenye mvi?" nikamwuliza.

"Mama, yule alinipa kazi. Jana jioni yote alikaa kwenye kiti cha mapokezi ya hoteli, hataki kwenda popote. Anauliza kama mzee Sylvanus ameleta ujumbe, kama ametaja siku. Nikamwambia nimpigie? Akakataa, eti kwao mwenye nyumba ndiye anayepanga, hataki kumsumbua."

Nilikaa na ile simu mkononi nikakosa pa kuiweka. Kumbe na yeye alikuwa anasubiri.

Nilipotoka nikasema wageni wamesafiri, basi. Habari ya kile kiti cha mapokezi sikuitoa, na sitaitoa. Lemburis alisimama, akampa Sylvanus mkono, akarudi kwake na shati lake safi. Sylvanus akachukua ndoo ya maji aende kuzima moto.

"Usizime," nikamwambia. "Kuni zote hizo ziungue bure?"

Nikajifunga khanga kifuani, nikavua viatu, nikaingia. Mama yangu, joto lile! Nilidhani nyusi zinaungua. Akaingia nyuma yangu akakaa mwisho wa benchi, akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukatufunika hata sikumwona tena.

"Haya, zungumza," nikasema.

"Nizungumze nini, dada?"

"Hicho Kifini chako. Zungumza nikusikie."

Akamwaga tena maji kwenye mawe. Kisha akaanza, polepole, halafu haraka, maneno yanatoka yanakimbizana kama alivyokuwa akimsumbua mama jikoni. Mimi sikuambulia kitu. Nilishika jina la Eino, nikashika la Esther, baada ya hapo nikasikia sauti inakatika.

"Ee," nikaitikia.

Akavuta pumzi, akaendelea.