Neno Nililokataa Kulitafsiri

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Gari aliniambia kwamba sikuajiriwa kufikiri. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa Mmeru mpole, mzee wa kanisa, na aliyasema hayo huku akinimiminia chai.

"Dada Talaso, hii kazi ni rahisi. Filamu inasema, wewe unasema nyuma yake kwa Kiborana. Usiongeze, usipunguze."

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, na kampuni yetu ilikuwa ya matangazo, makao yake Nairobi. Nyinyi mliozaliwa na televisheni sebuleni hamjui gari la sinema lilikuwa nini. Lilikuwa Landi Rova iliyobeba projekta, jenereta na turubai jeupe, na ilizunguka vijijini ikionyesha sinema bila malipo. Katikati ya sinema kulikuwa na filamu fupi za kuuza sabuni, betri, majani chai na mafuta ya kupikia. Watu walikuja kwa ajili ya sinema. Kampuni ilikuja kwa ajili ya zile fupi.

Niliajiriwa kuwa mfasiri kwa sababu nilikuwa nimefika kidato cha pili, na Kiborana changu kilikuwa cha nyumbani. Sababu nyingine Msimamizi aliitaja bila kificho: "Wanunuzi wa mafuta ni wamama. Wakisikia sauti ya mama mwenzao, watanunua." Mama yangu alikubali kwa sharti moja, kwamba kila tunakokwenda nilale kwa jamaa zetu, si kambini na wanaume. Kutoka mjini Isiolo hadi Merti hatukukosa jamaa, kwa hiyo sharti lilitimizika.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Ekai, Mturkana, mwendesha projekta na dereva. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ya ufundi. Jenereta huwekwa mbali, upande upepo unakoelekea, ili ngurumo yake isimeze sauti. Filamu ikikatika, unazikwangua ncha zake kwa wembe na kuziunga kwa gundi, na ukiunga vibaya picha huruka. La muhimu kwangu lilikuwa kitufe cha sauti ya filamu. Ekai alikipunguza nilipoanza kusema na kukipandisha nilipomaliza. Ina maana kwamba kile ambacho umati ulisikia kilikuwa mikononi mwetu sisi wawili.

Tulianzia Korbesa. Giza lilipoingia watu walikaa chini mbele ya turubai, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine, na ikaja filamu ya mafuta ya kupikia. Bwana mwenye tai anarudi nyumbani. Mke wake ameunguza chakula. Bwana anamwita mpumbavu, anampiga kofi. Watoto wao wanacheka, na yule mke naye anacheka, huku akijifuta jicho kwa aproni. Halafu jirani mwanamume analeta kopo la mafuta, mke anapika, bwana anakula na kumpigapiga kichwani jinsi mtu anavyompigapiga ndama. Mwishoni sauti nzito inasema kwamba kwa mafuta haya hata mpumbavu atapika vizuri.

Bwana alikuwa na jina. Jirani alikuwa na jina, hata mbwa alikuwa na jina. Mke aliitwa Mpumbavu tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa Kiborana mpumbavu ni gowa, na mimi nililitamka neno hilo kwenye kipaza sauti kila filamu ilipolitamka. Wanaume walicheka. Watoto walicheka zaidi.

Nililala kwa shangazi wa baba yangu, ajuza ambaye hakuwa ameona sinema maishani. Asubuhi alinipa maziwa, kisha akaniuliza, "Talaso, yule mwanamke alikosa nini?"

"Aliunguza chakula, ako." Ako ndivyo tunavyomwita bibi.

"Na baada ya kupigwa alicheka kwa nini?"

"Sijui. Filamu haikusema."

"Waliomtengeneza wanajua," akasema. "Waulize."

Nilimwuliza Msimamizi tuliporudi mjini. Alikunja uso kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Watu wanacheka, dada. Mtu akicheka, ananunua. Wewe mwenyewe umesikia vile walicheka."

Nilisikia, ndiyo. Nilirudi nyumbani Wabera, mtaa wetu wa pale mjini, nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Gari lilikuwa limeonyesha filamu hiyo mjini pia, kwa sauti yangu, kwenye uwanja karibu na shule. Jirani yangu Habiba alikuwa na binti, Kaltuma, aliyekuwa darasa la sita. Kaltuma alikuwa mtoto wa hesabu. Ungemtuma dukani akukokotolee chenji kichwani kabla mwenye duka hajashika kalamu. Wiki ile nilimkuta nje ya nyumba yao mchana, saa za shule, akichunga mbuzi wa mama yake.

Habiba ndiye aliyenieleza. Kaltuma alikuwa amekosea jibu ubaoni, na mvulana mmoja akasema, "Gowa," kwa ile sauti nzito ya filamu. Darasa likacheka. Tangu hapo kila alipoinua mkono walimwita hivyo, kisha wakawaita wasichana wengine vivyo hivyo, hadi jina likawa la kila msichana. Lakini kwa Kaltuma ndiko lilikoanzia, na ndiko lilikobaki.

"Anasema hataki kurudi," Habiba alisema. "Babake naye anasema kama hataki, vizuri, kuna kazi ya nyumbani."

Nilikwenda shuleni siku hiyohiyo. Mwalimu wa hesabu alinipokea vizuri, akanipa kiti.

"Mama, hao ni watoto. Wanacheza."

"Nimeambiwa kwamba hata wewe, mwalimu, ulimwita hivyo."

Akatabasamu. "Mara moja tu. Darasa lilicheka kidogo, tukaendelea."

"Nyinyi mliendelea," nikamwambia. "Yeye yuko nyumbani anachunga mbuzi."

Tabasamu lilimtoka. Akasema ataongea na darasa. Sijui kama aliongea. Nilitoka pale nikijua jambo moja: siku iliyofuata tulikuwa na safari ya Biliqo, na ile filamu ilikuwa ndani ya gari.

Njiani nilimwambia Ekai kwamba sitalisema tena neno lile. Alikwepa shimo barabarani. Halafu akasema, "Mimi niko na wasichana nyumbani. Lakini Msimamizi akiuliza, mimi nilikuwa naangalia taa ya projekta."

Biliqo walikuja wengi, kwa kuwa ng'ombe walilishwa karibu na wachungaji walikuwepo. Filamu ikafika kwenye kofi. Watu wakaanza kucheka. Ekai akapunguza sauti kabisa, ingawa sikuwa nimeanza kusema, na kwenye turubai yule bwana akabaki akifungua na kufunga mdomo bila neno. Nikashika kipaza sauti.

"Hapa sitafsiri," nilisema. "Mtu amepigwa na wametuambia ni kichekesho. Nauliza. Kuna mtu hapa ambaye amewahi kupigwa, halafu akacheka?"

Kicheko kikakatika. Projekta iliendelea kuzunguka. Kisha mwanamke mmoja, sikumwona uso, akasema kutoka gizani, "Mimi nimepigwa. Sikucheka." Mwingine akasema, "Na kuni kavu za kupikia, nani alimletea?" Wanawake wakaanza kusemezana, wakubwa kwa wadogo. Mwanamume mmoja akalalamika kwamba alikuja kutazama sinema, si kusikiliza kesi. Mzee aliyekuwa amekaa mbele, mwenye fimbo, akamwambia anyamaze. "Binti ameuliza swali," alisema. "Kama una jibu, lijibu."

Yule mlalamikaji akarudi kutazama turubai.

Baada ya hapo nilifanya hivyo kila mahali. Filamu ilipofika kwenye kofi nilinyamaza, halafu nikauliza. Hata ile sauti nzito ya mwisho sikuitafsiri kamwe. Nilisema tu jina la mafuta na kwamba yanauzwa madukani, jambo ambalo ni kweli.

Habari zilifika Meru, kwenye ofisi ya Meneja wa Kanda. Alikuwa mtu wa suti, mwenye sauti nzuri ya redio, na aliniita nikasimama mbele ya meza yake. Msimamizi wangu alikaa kando, akitazama viatu vyake.

"Bi Talaso," Meneja alisema, "kipaza sauti kile ni cha nani?"

"Cha kampuni."

"Na maneno?"

"Ya kampuni. Lakini mdomo ni wangu."

"Tunaulipa huo mdomo."

"Mnaulipa uwauzie wanawake mafuta. Halafu mnaupa matusi uwatukane haohao. Mimi nikiingia dukani kwako, unitukane kwanza ndipo uniuzie, nitanunua?"

Aliegemea kiti. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto anayelilia usingizi. "Ni mzaha," alisema. "Nyinyi wanawake hamjui mzaha. Nairobi hakuna aliyelalamika."

"Nairobi mmemwuliza nani?"

Hakunifukuza. Alininyang'anya kipaza sauti. Filamu ilirekodiwa upya kwa Kiborana na mwanamume fulani studioni, pamoja na neno gowa, na mimi nikapewa kazi ya kutembelea maduka ya Isiolo na kugawa vikopo vya kuonjesha. Alidhani amenipa adhabu. Kumbe alinipeleka mahali ambapo wanawake hukutana kila asubuhi.

Habiba alikuwa wa kwanza. Tulikuwa dukani kwa Abdi, Msomali mpole aliyeuza kila kitu kuanzia chumvi hadi kamba za kufungia ngamia. Habiba alilichukua kopo, akalitazama. Lilikuwa na picha ya yule mke wa filamu, anacheka. Akalirudisha kwenye rafu.

"Abdi, nipe samli."

"Haya mafuta ni bei rahisi, mama."

"Haya mafuta yanamwita mtoto wangu gowa. Hayaingii nyumbani kwangu."

Hakupaza sauti. Lakini wanawake watatu walikuwa nyuma yake kwenye foleni, na kila mmoja aliomba samli au mafuta ya kampuni nyingine, na kila mmoja akaeleza kwa nini. Siku za baadaye ikawa hivyo Wabera nzima, kisha upande wa Waturkana na wa Wameru, wanawake Waislamu kwa Wakristo. Hapakuwa na mkutano wala chama. Mtu aliingia dukani, akasema hayataki, akasema sababu yake. Hiyo sababu ndiyo niliyoisisitiza kwa kila niliyeongea naye. Usipoisema, mwenye duka atadhani ni ladha.

Msimu haukuisha kabla Abdi hajamwambia wakala wa kampuni ayachukue makopo yake. "Yananikalia rafu," alimwambia. "Wamama wamegoma." Wenye maduka wengine wakasema hivyohivyo, na ndipo Meneja wa Kanda alipokuja Isiolo mwenyewe, na suti yake, katika vumbi lile.

Nilimpeleka kwa Abdi. Habiba alikuwepo, nilikuwa nimemwomba awepo. Meneja alimsalimia, akamwuliza kwa heshima shida ni nini.

"Aleikum salaam," Habiba alijibu. "Shida ni kwamba mtoto wangu alikuwa anaenda shule. Filamu yako ikamfundisha yeye ni mpumbavu. Sasa anachunga mbuzi. Wewe una binti?"

"Ninaye."

"Anaitwa nani?"

Meneja akataja jina.

"Shuleni wakimwita Mpumbavu badala ya hilo jina, utasema ni mzaha?"

Alitutazama sote wawili, akatazama yale makopo, kisha akatoka nje kuongea na wakala. Filamu ile iliondolewa kwenye magari yote ya kaskazini. Hakuna aliyeomba msamaha. Msimamizi alinieleza kwamba ofisini walisema "imezeeka".

Kaltuma alirudi shuleni muhula uliofuata, baada ya Habiba kugombana na mumewe usiku na mchana. Alimaliza la saba, akafaulu vya kutosha. Lakini aliniambia mwenyewe, akiwa tayari mwanamke mwenye watoto, kwamba hakuinua mkono darasani tena hadi alipotoka. Alijua majibu, akakaa nayo. Huwa nafikiria majibu hayo yote aliyokaa nayo, na hasira hunirudia kama mpya.

Nilirudishiwa kipaza sauti, maana hawakuwa na mwingine wa kuzunguka na gari. Safari hii nilitoa sharti langu: filamu yoyote mpya nionyeshwe kwanza stoo, mchana, pamoja na wanawake nitakaowachagua mimi. Katika miaka ya themanini tulikuwa tumepata Msimamizi mwingine, kijana, naye alilichukulia hilo kama sehemu ya kazi. Siku moja ilikuja filamu ya betri ambapo msichana hawezi kuwasha tochi mpaka kaka yake aje. Habiba aliitazama hadi mwisho, akauliza, "Hii tochi imewekwa swichi wapi hata msichana asiione?" Kijana akacheka, akairudisha Nairobi. Zilikuja nyingine mbaya zaidi, na si zote tulifaulu kuzizuia. Nyingine zilionyeshwa sehemu nyingine bila mtu wa kuuliza.

Niliacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka hiyo, wakati video zilipoanza kuingia vibandani na gari la sinema likakosa watu. Walinifanyia karamu ndogo Meru. Meneja mpya alitoa hotuba, akanisifu kwa sauti yangu tamu na kwa uvumilivu wangu wa kimama. Watu wakapiga makofi. Nilisimama kushukuru, na nikawaambia kwamba sauti ni sawa, Mungu ndiye aliyenipa, lakini huo uvumilivu sikuwa nao siku hata moja.

Wasichana wa siku hizi hunijia na simu zao, wakanionyesha tangazo fulani au kichekesho fulani, halafu wananiuliza kama wakinyamaza litapita. Huwa nawauliza limetengenezwa na nani na bidhaa yake inauzwa wapi. Wakishanijibu nawaambia wainuke waende pale, wakaseme uso kwa uso, leo, kabla hasira haijapoa.