Fimbo ya Gofu Iliyopaa Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimerusha fimbo ya gofu mbali kuliko mpira.

Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu asiyecheka ovyo, alinialika tukafanye mazoezi ya gofu hapa Eldoret. Mimi nami nilikuwa nimetazama video ya staili mpya: unalegeza mikono, unazungusha kiuno, unapiga.

Nikalegeza mikono. Nikazungusha kiuno.

Mpira ukabaki pale pale. Fimbo ikaenda.

Mzee akainua mkono, akawatangazia wote waliokuwa wakipiga mipira kwa ile sauti ya paredi ya shule, "Tafadhali simamisheni mipira. Mke wa kijana wangu anaenda kuchukua fimbo yake."

Nikatembea kwenye nyasi huku kila mtu ananiangalia. Hizo nyasi haziishi, jameni.

Niliporudi, Mzee alikuwa anajaribu kutocheka. "Hebu nionyeshe hiyo ya video."

"Legeza mikono, Mzee," nikamwambia. "Legeza kabisa."

Hiyo "kabisa" niliongeza mwenyewe.

Fimbo yake ikapita hata pale yangu ilikuwa imeangukia.

Akaangalia mikono yake. Akaniangalia. Nami nikainua mkono, nikawageukia watu: "Tafadhali simamisheni mipira."

Kwa gari, tulipokaribia mtaa wa Kimumu, akasema polepole, "Hii maneno, Mama asisikie."

Nikaahidi kwamba sitamwambia Mama, mkewe. Na sijamwambia. Nyinyi mngekuwa mimi, mngenyamaza?

Mama, najua huwa unapitia ukurasa wangu huu ukimaliza kupika. Habari ya jioni.