Kijiti cha Pembeni Kimenigombanisha na Mjukuu Wangu

Ninyi vijana mnaotengeneza kurasa za intaneti, nani kawaambia kila kitu lazima kipakwe rangi? Mlango ukiupaka rangi ya ukuta, mgeni aingilie wapi? Kaeni chini mnisikilize, na mwenye kucheka acheke akishamaliza kusoma.

Mwenye ukurasa huu, jina langu lifiche. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, Mwiraqw wa huku Rhotia, Karatu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kambi hii ya watalii niliianzisha mimi, mume wangu yuko kaburini na watu wanasema mjane atajua nini mambo ya wazungu. Leo wageni wanaokwenda kreta kutazama wanyama wanalala kwangu na wanakula maharage yangu.

Nina mjukuu, tumwite Paskalina. Nimemlea tangu ananyonya. Alisomea kompyuta Arusha, akarudi akatutengenezea tovuti. Nzuri kweli, sikatai. Ila ukurasa wenyewe ni mrefu, na mnajua pembeni kulia kuna kile kijiti unachokikamata kwa kipanya, ukikivuta chini ukurasa nao unashuka. Kompyuta zote huja nacho, cha kijivu, kinene, hata mimi nakijua. Paskalina akakipaka rangi ya udongo, ile ile ya ukurasa mzima, mpaka vishale vyake vya juu na chini vikapotea.

Nikamuuliza, "Kijiti kiko wapi?"

"Kipo, Ama. Nimekituliza tu kisiharibu picha." Ama ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi.

Nikamwachia. Nikadhani wazungu wana macho mengine.

Masika yalipoanza, barabara ya chini inayokuja kwetu ikaliwa na korongo. Nikamwambia Paskalina awaandikie wageni kwenye tovuti: pitieni barabara ya juu, ya kanisani. Akaandika. Chini kabisa ya ukurasa.

Wiki hiyo hiyo wakaja wazee wawili wa kizungu, mtu na mkewe, wanaendesha wenyewe. Wakapita barabara ya chini. Mnaujua udongo wetu mwekundu ukilowa. Gari likateleza likaegemea ukingo wa korongo, tairi moja liko hewani, maji yanapita chini yake. Majirani wakawatoa kwa kamba. Yule mama alifika kwangu amelowa, mkono umevimba, kiatu kimoja hana.

Nikamkalisha jikoni karibu na moto. Akaongea, akaongea, anamnyooshea Paskalina kidole. Mimi Kiingereza sina.

"Anasema nini?"

"Anasema amechoka, Ama."

"Maneno yote yale ni kuchoka tu? Tafsiri vizuri, au nimwite mwingine."

Akainamisha kichwa. "Anasema hatukuwaonya. Anasema ukurasa wetu unaishia kwenye picha ya tembo."

Kesho yake nikampeleka yule mama intaneti kafe, Karatu mjini, Paskalina nyuma yetu kanuna. Kipanya cha pale ni cha zamani, hakina kigurudumu. Mama wa watu akafungua ukurasa wetu, tembo akajaa kwenye kioo, akaachia kipanya na kukunjua mikono: mwisho ni hapa. Nikamwonyesha pembeni kwa kidole. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, ndipo akakiona kijiti. Akakishusha, akasoma lile onyo, akaanza kulia.

Sikuweza kuvumilia. Pale pale mbele za watu nikamwambia Paskalina, "Babu zetu walichimba nyumba ndani ya mlima, paa la udongo, nyasi juu, ili wezi wa ng'ombe wapite wasizione. Walikuwa wanamficha adui mlango. Wewe unamficha mgeni uliyemwita mwenyewe!"

Akanijibu machozi yanamtoka, "Ama, tovuti zote za Karatu zinafanana kama sare za shule. Yetu tu ndiyo wageni wanaisifia. Kuna hoteli Arusha imeniita kwenye usaili, na wataifungua hiyo hiyo waone kazi yangu. Nikirudisha likijivu lile nitawaonyesha nini? Onyo nitalipandisha juu. Kijiti nakiacha."

"Leo utapandisha onyo, kesho namba ya simu, keshokutwa njia ya hospitali. Vyote vitakaa juu ya tembo? Picha ni zako, paka hata zambarau. Lakini cha kushika mkononi ni cha mgeni. Akikute kama alivyokiacha kwao."

"Basi tafuta fundi mwingine."

Akaondoka. Anaishi kwa rafiki yake huko mjini, simu hapokei, na neno la siri la tovuti analo yeye peke yake. Hata hilo onyo hakulipandisha. Kibao nilichosimamisha njia panda kiliangushwa na mvua, sasa nasimama mwenyewe na mwavuli, nayarudisha magari kwa mkono kama trafiki. Mgongo unaniuma.

Fundi mmoja wa pale kafe anasema, kwa kuwa tovuti imesajiliwa kwa jina langu, anaweza kuiondoa yote hata bila neno la siri na kuweka nyingine. Nikimruhusu, hoteli watafungua wakute kazi ya mtu mwingine, na mtoto niliyemlea hatanisamehe. Nikimkataza, siku nikilala mgonjwa, nani atawazuia watu wasiingie korongoni? Niambieni nishike lipi. Ila asiniambie mtu nikaombe radhi kwa kusema kweli.

Na wewe Paskalina, najua ukurasa huu huukosi. Umefika huku chini kwa kijiti kile kile cha kijivu, na hukuhangaika kukitafuta. Kirudishe na cha kwetu leo, kabla mawingu haya hayajashuka, kisha uje njia panda unipokee mwavuli.